Mnaoniuliza kwa nini napiga picha treni

Najua nimepotea. Tulikuwa na kati tatu mfululizo, halafu ikaja ile kazi ya kikundi ambayo tumepewa watu sita na wanaoifanya ni wawili (mnajijua). Leo ni Jumapili usiku, bando ipo, mwenzangu wa chumbani ameshalala. Nitaandika mpaka nichoke.

Ijumaa nilikuwa pale Kahawa na makomredi watatu, tukasikia treni ya jioni inakuja kutoka mjini. Mimi kama kawaida yangu nikatoa simu, nikasogea upande ambao jua lilikuwa mgongoni kwangu, nikapiga picha nne, kisha nikatoa kidaftari nikaandika saa na nambari. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Eti nimetumwa na serikali! Mwingine akauliza kama kwetu hakuna treni. Sasa hilo ndilo swali ninalolijibu leo, na jibu ni refu, kwa hiyo mwenye haraka na aende zake salama.

Kwetu treni zipo, tena za kumwaga. Mimi ni wa Voi. Najua wengi wenu Voi mnaijua kama mahali basi linaposimama usiku mkashuka kunyoosha miguu, mkanunua chai, halafu mkalala tena mpaka Mtito Andei. Lakini Voi ni mji wa reli. Ile reli ya zamani iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 inapita katikati yetu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, Waingereza wakachomoa tawi kutoka Voi kuelekea Taveta ili wakapambane na Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya pili. Halafu 2017 ikaja SGR, kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, nayo pia ikapita kwetu na ikajengewa stesheni. Kwa hiyo mtoto wa Voi akikwambia "nilikuwa relini", muulize ipi.

Lakini msidhani nilizaliwa na mapenzi hayo. Mpaka kidato cha pili treni kwangu ilikuwa kelele tu. Nilianza kuziangalia mwaka 2020, na sababu yake ni baba.

Baba yangu anafanya kazi Mombasa, kwenye yadi ya makontena upande wa Miritini. Yadi yenyewe siitaji, bado anakula hapo. Kabla ya korona alikuwa anakuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, anafika na samaki wa kukaanga wamefungwa gazeti, anakaa siku mbili, anarudi. Hivyo ndivyo nilivyomjua baba tangu nipate akili: mtu wa siku mbili. Sikuona ajabu. Nusu ya darasa letu walikuwa na baba wa siku mbili.

Mnakumbuka mambo yalivyokwenda mbio. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa Ijumaa tarehe 13 Machi 2020. Jumapili tukaambiwa shule zifungwe, na mimi nikarudi kutoka bweni na godoro kichwani nikidhani ni wiki mbili (nilikuja kurudi darasani Januari 2021, hebu fikiria). Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kisha Jumatatu tarehe 6 Aprili Rais akatangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi kuanzia jioni ile ile, na kwamba Mombasa, Kilifi na Kwale zitafungwa Jumatano tarehe 8 saa moja jioni. Treni za abiria za SGR nazo zikasimamishwa.

Taita-Taveta haikuwa kwenye orodha. Sisi tulikuwa nje, baba alikuwa ndani. Katikati kilomita kama 150 na vizuizi vya polisi.

Alikuwa na siku mbili za kuamua. Nakumbuka mama amekaa kwenye kigoda nje, simu sikioni, anasema polepole ili nisisikie, nami nasikia kila neno. "Baba nanihii, ukija utakula nini hapa? Soko lenyewe limekufa. Kaa huko huko." Kwa sababu mizigo haikufungwa. Malori yalipita, na treni za mizigo zilipita, na wa yadi walikuwa kati ya watu wachache ambao kazi yao haikusimama. Basi akakaa. Alisema ni mwezi mmoja tu. Ikawa mitatu.

Sasa treni iliingiaje? Kwa bahati tu. Siku moja katikati ya Aprili baba alipiga simu asubuhi, tukawa tunaongea, mara sauti yake ikapotea kabisa kwenye mngurumo. Akapaza sauti: "Subiri ipite!" Nikasubiri. Ikapita. Akasema hiyo ni ya mizigo inatoka, itapita kwenu. Tukaendelea na mengine: mdogo wangu anasoma? Redioni wanafundisha nini? Babu anakaa ndani au anazurura? Baadaye, nikiwa nachota maji, nikasikia treni upande wa reli kubwa. Nikaacha mtungi nikapanda kile kichuguu nyuma ya nyumba yetu, mahali ambapo unaona SGR ikipita juu ya tuta na vilima vya Sagala viko mbali nyuma yake. Nikasimama pale nikijiuliza: ndiyo ile ile? Ile iliyomzibia baba sauti?

Jioni nikamwandikia. Akajibu: "Kesho nitakusomea namba."

Kesho yake, saa tatu na robo asubuhi, ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama. "Imetoka. Ya 17." Nikakaa kwenye kichuguu na simu mkononi. Saa sita kasoro dakika tano ikatokea. Injini mbele, makontena nyuma, mengine yamebebana mawili mawili. Nikavuta picha mpaka mwisho, nikapiga, nikapiga tena. Picha zilikuwa mbaya, sikufichi. Lakini kwenye ya tatu, ukikodoa macho, ubavuni mwa injini unaona tarakimu mbili za mwisho. 17.

Nilimtumia. Akanijibu neno moja tu, "Ndiyo," na muda mfupi baadaye kredo ya shilingi ishirini ikaingia.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Nilichukua daftari la hesabu lililobaki kurasa, nikachora safu: tarehe, namba, saa ya baba, saa yangu, maelezo. Yeye anaandika ikitoka, mimi naandika ikipita. Si zote, maana naye alikuwa kazini, lakini mbili au tatu kwa siku hazikukosekana. Na ukiandika kitu kila siku unaanza kuelewa mambo ambayo hakuna aliyekufundisha. Nilijua kwamba injini za mizigo zinaitwa DF8B, za abiria ni DF11, na zile za kupangia mabehewa stesheni ni DF7G, zote za dizeli na zote kutoka Uchina. Nilijua kwamba treni ya mizigo kwenye SGR mwendo wake wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo haiwezi kufika kwetu kabla ya karibu saa mbili, na kwa sababu njia ni moja, huwa inasimama stesheni kuipisha inayokuja. Ya haraka kuliko zote daftarini mwangu ilichukua saa mbili na dakika ishirini. Kuna moja ilichukua karibu saa nne, na mimi niko juu ya kichuguu jua la utosi, mama ananiita nikakoroge uji, nakataa kushuka.

Halafu picha. Jamani, treni ni ngumu kupiga kwa simu! Ile simu ya mama ukibonyeza inafikiria kwanza, ndipo inapiga. Ukingoja injini iwe mahali unapotaka, unapata behewa la tano. Nilijifunza kubonyeza mapema, injini ikiwa bado haijafika kwenye nguzo fulani. Nilijifunza kwamba saa sita mchana picha inakuwa kama imemwagiwa majivu, na kwamba mwanga mzuri ni ule wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ule unaoifanya ardhi nyekundu ya Tsavo kuwa nyekundu zaidi, na ule wa saa kumi na mbili jioni. Huo wa jioni ulikuwa na shida zake, maana saa moja kafyu. Nimewahi kukimbia kutoka kule nikiwa na picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwezi ule na viatu nimeshika mkononi.

Siku moja nilisogea sana karibu na uzio. Askari mmoja wa kulinda reli akanijia. Barakoa kidevuni, rungu mkononi. Unapiga picha za nini? Za nani? Nikamweleza. Hakuamini, na simlaumu, nchi hii tumeona mambo. Akachukua simu, akazipitia picha moja moja, akafuta kumi na moja. Nililia palepale, yaani kulia kwa sauti, kwa sababu katika hizo kulikuwa na mbili ambazo baba alikuwa hajatumiwa. Nikamwonyesha ujumbe wa baba. "Imetoka. Ya 9." Akausoma mara mbili. Akanirudishia simu. Akasema uzio usiukaribie tena, na kwamba kama nataka picha nzuri nisimame kule juu kwenye mteremko asubuhi, "jua linaipiga usoni". Alikuwa na haki, mwanga wa pale ni bora mara kumi.

Babu ndiye aliyekuwa mkosoaji wangu mkubwa. Miaka yake ya ujana alifanya kazi kwenye genge la reli ya zamani, kazi ya kubadilisha mataruma na kukaza njia, na SGR hakuipenda tangu siku ya kwanza. Wakati ule tulikuwa hatumkaribii. Kiti chake kilikuwa upande mmoja wa baraza na sisi upande mwingine, tunaongea kwa kupaza sauti kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Nikamwonyesha picha kwa mbali.

"Mjukuu wangu, hiyo si treni. Hiyo ni basi refu."

Basi akaanza kunisimulia zile Garratt. Mnaosoma Historia nisikilizeni hapa, kwa sababu vitabu vyetu vikishamaliza simba wa Tsavo wa 1898 vinaruka moja kwa moja mpaka siasa. Kulikuwa na injini za mvuke za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester kati ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250, tangi la maji mbele, mafuta nyuma, na magurudumu yamegawanyika makundi mawili ili iweze kukunja kona za reli ile nyembamba. Duniani kote hakukuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kama hizo kwenye reli ya upana wa mita moja. Na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki! Babu alisema zikipanda usiku kutoka Mombasa, sahani zilitetemeka kabatini kabla hujazisikia. Yeye namba hakuwahi kuandika. Alizijua kwa sauti.

Nilipoingia mwaka wa kwanza hapa, Jumamosi yangu ya pili Nairobi nilikwenda makumbusho ya reli peke yangu. Ipo pale moja, 5918, Mount Gelai. Niliizunguka mara tatu. Nikapiga picha ya gurudumu moja nimesimama kando yake, nikamtumia baba amwonyeshe babu. Jibu la babu lilikuwa: "Mwambie apanguse vumbi."

Nimetoka njiani kidogo. Turudi Mei 2020.

Mei ulikuwa mwezi mbaya. Kila alasiri nchi nzima ilikuwa inamsikiliza Waziri Mutahi Kagwe akisoma idadi, na Mombasa ilikuwa haikosekani juu. Tarehe 16 mpaka wetu na Tanzania ukafungwa isipokuwa kwa mizigo, kwa hiyo Taveta nako, upande wa pili wa kaunti yetu, kukawa hakupitiki. Mama alikuwa anasikiliza ile taarifa amesimama. Ikitajwa Mombasa, anazima redio, kana kwamba akizima idadi inasimama hapo.

Jumanne tarehe 19 baba hakuandika.

Sikujali. Nilidhani kazi nyingi. Treni zilipita nne, nikaziandika, safu yake nikaiacha wazi. Jumatano hakuandika. Tukapiga, hapatikani. Mama akapiga kwa mtu aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja, hapatikani pia. Alhamisi mama hakwenda kibandani kwake. Alikaa nje na simu mapajani, na mimi kwa mara ya kwanza sikuweza kumwomba hiyo simu nikapige picha. Nilikwenda kwenye kichuguu na daftari tu.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza. Treni zilikuwa zinakuja bila kutangazwa. Kabla ya hapo kila moja niliijua, nilijua imetoka saa ngapi, nilijua kuna mtu kule aliyeiona kwa macho yake asubuhi ile. Sasa zilikuwa zinatokea tu kutoka Mombasa, ndefu, na mimi nazikodolea macho kama zinaweza kuniambia kitu. Makontena yana maandishi mengi, nyie mmewahi kuona? Majina ya meli, namba, herufi. Niliyasoma yote. Ijumaa niliandika treni sita. Jumamosi tano. Mama aliniona nakwenda na hakuniambia kitu, na mama yangu si mtu wa kunyamaza.

Jumapili tarehe 24, baada ya chakula cha mchana ambacho hakuna aliyekila, simu ikalia. Namba ngeni. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akakaa chini, mchangani, na kitambaa kikamdondoka kichwani, na nikajua yuko hai kwa sababu alianza kumgombeza.

Mwenzao mmoja kazini alikuwa amepimwa na kukutwa na virusi. Baba na wenzake kumi na moja, pamoja na yule wa chumbani kwake, walichukuliwa Jumanne alfajiri wakapelekwa karantini kwenye shule moja ya bweni. Chaja ilibaki chumbani. Simu ilizima usiku ule ule, na soketi iliyokuwa inafanya kazi katika bweni lao ilikuwa moja, ya kugombaniwa. Alikuwa ameazima simu ya mtu. Alipimwa, hana. Atakaa wiki mbili hata hivyo.

Nikapewa simu. Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo mengi. Baba akanitangulia:

"Ile ya Alhamisi ya saa kumi alfajiri, uliiona?"

Nikafungua daftari. "Niliiona. Saa moja na dakika kumi. Ya 22."

"Nilijua utaiona."

Mama akaninyang'anya simu. "Nyinyi mnaongea treni? Treni?!"

Kumbe ile shule iko mahali ambapo usiku, mji ukiwa umenyamaza kwa kafyu, treni zinasikika. Alikuwa halali. Kila akisikia moja alikuwa anaandika saa kwenye karatasi ya pakiti ya unga, kwa kalamu aliyoazima kwa mpishi.

Juni ikaenda. Kafyu ikalegezwa kidogo ikawa saa tatu usiku, lakini Mombasa ikabaki imefungwa siku thelathini zaidi. Kuanzia mwezi ule mizigo ya nchi jirani nayo ikatakiwa ipandishwe SGR mpaka Naivasha, na baba, akiwa amesharudi kazini, akalalamika kwamba hana tena muda wa kuandika. Aliandika hata hivyo.

Tarehe 7 Julai, Jumanne, njia ikafunguliwa saa kumi alfajiri. Saa nane mchana alikuwa amefika. Hakuja kwa treni, za abiria zilikuwa bado. Alikuja kwa matatu, na nauli waliyomtoza sitaki kuikumbuka. Alikuwa amekonda, barakoa imemkaa kubwa. Alinawa mikono mara tatu kwenye mtungi kabla ya kumkaribia mtu. Mama alikuwa amepika kimanga, babu akapigwa salamu kutoka upande wa pili wa baraza, na jioni, baba akiwa bado hajavua viatu, akatoa mfukoni ile karatasi ya pakiti ya unga. Tukaiweka kando ya daftari langu.

Haikuoana. Yaani tulikaa na taa mpaka saa nne usiku tukijaribu kuzipatanisha saa zake na saa zangu. Alikuwa na mistari 23. Tulipata tisa. Nyingine zote lazima zilikuwa zinaingia bandarini, si kutoka, maana kwa sikio huwezi kujua. Moja, baada ya kufikiri sana, alikubali labda ilikuwa jenereta. Babu kule kwake akacheka mpaka akakohoa, na sote tukanyamaza kusikiliza hicho kikohozi, ndivyo tulivyokuwa wakati ule. Kilikuwa cha ugoro tu.

Treni ya kwanza ya abiria ilipita Jumatatu tarehe 13 Julai. Baba aliongeza siku za kukaa ili aione. Tulisimama kwenye ule mteremko alionionyesha askari, mimi, baba na mdogo wangu. Ilikuja kwa kasi kuliko nilivyozoea, maana za abiria zinafika kilomita 120 kwa saa, kwa hiyo nilichelewa kubonyeza. Nina picha ya nusu ya behewa na ukungu. Lakini watu niliwaona, wamekaa wametawanyika kwa agizo la kuachiana nafasi, barakoa nyeupe, barakoa za bluu.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Machi 2021, walifunga tena: Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, na treni za abiria zikasimama kwa mara ya pili. Safari hii Mombasa haikuwemo. Baba akaja kwa barabara na samaki wake kama kawaida, na daftari lina pengo hapo.

Nilikuja kujua nikiwa hapa kampasi kwamba huu ugonjwa wangu unao watu wake. Uingereza wapo kwa maelfu, na wana historia. Karani mmoja wa reli pale Waterloo, Ian Allan, mwaka 1942 alitoa kijitabu cha namba za injini kwa sababu alichoka kujibu barua za watu wanaouliza, na kuanzia hapo vijana wakawa wanajaa stesheni na kalamu, ukiiona unaipigia mstari. Walipofungiwa mwezi Machi 2020 wengi walibaki kuangalia treni kupitia kamera zilizofungwa kando ya reli. Na kuna yule kijana anayejiita Francis Bourgeois, mwanafunzi wa uhandisi wakati huo, ambaye kipindi hicho hicho ndipo mapenzi yake ya utotoni ya treni yaliporudi, akaanza kujirekodi akizishangilia mpaka akawa maarufu. Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenionyesha video zake, akidhani nitacheka. Mimi nilikuwa naangalia anaposimama. Anasimama vibaya, jua liko usoni kwake! Lakini furaha yake naijua.

Wale wa Uingereza wanataka kuziona zote, wamalize orodha. Mimi sijawahi kutaka kuziona zote. Hilo ndilo ninaloshindwa kuwaeleza nyie pale Kahawa katika dakika mbili treni ikipita. Muhula ujao nikipelekwa TP, na wakinipa mada ya reli ya Uganda, nitawauliza kwanza nani ana mtu kwenye ile reli. Mwalimu wangu wa mbinu akisoma hapa, tafadhali asinikate alama.

Daftari ninalo hapa mezani. Jalada limetoka, nimelishona kwa uzi. Na nilipokuwa katikati ya kuandika haya, saa nne na dakika nane usiku, simu imelia. "Imetoka. Ya 31." Zamu ya usiku hiyo. Nikipiga hesabu, itaingia Nairobi asubuhi, na kati yangu ya saikolojia ni saa mbili kamili, na kutoka hapa mpaka Syokimau na ile foleni mnaijua wenyewe. Nimemjibu, "Sawa, nimeandika." Akaniuliza kama nimekula. Nimekula, githeri. Haya, nakwenda kusoma kurasa mbili nilale.